Tupeane uzoefu: ulimuuguza nani wakati wa Korona, na oksijeni mliipata wapi?

Mwana wa Pate

Assalam aleikum ndugu zangu wa Lamu, Malindi na kwingineko. Ami yangu alifariki Julai 2021, wimbi lile la Delta, na mpaka leo tukikaa barazani mazungumzo hurudi pale pale. Zahanati ilimpokea vizuri. Kitanda kilikuwapo, shuka safi. Kile kifaa cha kidoleni cha kupima oksijeni mwilini kikasoma asilimia 84 tu. Muuguzi akamfungulia mtungi mdogo wa oksijeni, lita 10 kwa dakika, akatuambia, "Mpelekeni mbele, mimi hapa sina zaidi ya huu." Mbele kwetu sisi ni bahari.

Hesabu za nchi tulizisikia. Mwaka 2020 watafiti walipata vitanda 537 tu vya ICU, vya wagonjwa mahututi, Kenya nzima, na kaunti zenye angalau chumba kimoja cha ICU zilikuwa 22 kati ya 47. Lakini mtu wa kisiwani, kabla hajafika kwenye hesabu hiyo, ana Mkanda wa kuvuka, ule mlango mwembamba wa bahari kati ya kisiwa cha Manda na bara. Naomba kila aliyeuguza mtu kipindi kile atueleze yaliyomkuta.

Nahodha Mstaafu

Pole sana mwanangu, Mola amrehemu ami yako. Nilibeba wagonjwa kwa boti yangu mwaka ule. Kusi likivuma huwezi kumpitisha mgonjwa bahari ya nje, mawimbi yatamuua kabla ya ugonjwa. Lazima upite ndani, Mkanda, na maji yakikupwa Mkanda haupitiki.

Usiku mmoja wa bamvua, maji yanapojaa na kukupwa sana, tulitoka Kizingitini kisiwani Pate saa mbili, nikijua maji yanatukimbia. Tukakwama. Tulishuka watu wanne tukasukuma, tope hadi magotini, boti haikutikisika. Mgonjwa alikuwa mama wa makamo, mwanawe amemwegemeza kifuani, mtungi umefungwa ubaoni kwa kamba ya nanga. Yule kijana kila baada ya dakika chache anamulika kwa simu ile saa ya mtungi inayoonyesha hewa iliyobaki. Nilimwambia, "Mwanangu, usiitazame." Hakuacha. Mikoko kimya pande zote mbili, unachosikia ni ule mvumo wa hewa tu.

Maji yalianza kutunyanyua saa sita kasoro. Mshale uliingia penye nyekundu tukiwa tunaziona taa za Mokowe, gatini bara. Mama alipona. Kila Idi huniletea mkate wa sinia.

Mama Tuktuk, Malindi

Mimi sikuwa na Korona, nilikuwa na uchungu wa kujifungua. Mei 2020, kafyu kuanzia saa moja jioni, Kilifi imefungwa hutoki huingii. Wodi niliyomzalia mwanangu wa kwanza ilikuwa imegeuzwa ya kutengea wagonjwa, sisi wazazi tukabanwa chumba kimoja. Nililala na dada mmoja wa Watamu mzungu wa nne, miguu yake usoni pangu, vichanga katikati. Tulikuwa na hofu ya kukohoa hata kwa vumbi. Hao watu wa magonjwa mengine nao wahesabiwe.

Muuguzi wa Bara

Nahodha, nieleze kwa nini mama yule alifika. Mtungi mdogo wa kusafiria una lita kama 1,360. Ukifunguliwa lita 5 kwa dakika huenda saa 4 na nusu. Ukifunguliwa lita 10, saa 2 na robo umekwisha. Yeye alihitaji kidogo.

Ule mkubwa una lita 6,800 hivi. Kwa lita 10 ni saa 11, kwa lita 15 ni saa 7 na nusu. Mgonjwa mmoja mahututi anamaliza mitungi mitatu kwa siku, na mitungi yetu ilijazwa mbali, ikaja kwa lori. Tulikuwa na mashine ya kuchuja oksijeni hewani, lakini umeme ukikatika nayo inanyamaza. Tuliwalaza wagonjwa kifudifudi, mto chini ya kifua, na wapo ambao namba ilipanda bila kuongezewa lita hata moja.

Usiku mmoja nilimwambia mtoto wa mzee fulani, "Mtungi uko njiani," nami najua lori limelala Garsen. Lilifika saa nne asubuhi. Mzee aliondoka alfajiri. Sijawahi kumweleza yule kijana.

Mwalimu, Mpeketoni

Poleni nyote. Dada muuguzi, ulifanya ulichoweza.

Mwana wa Pate

Dada, nimezisoma hesabu zako mara tatu. Sisi tulikuwa kwenye lita 10, na tulingoja maji Mkanda zaidi ya saa mbili. Kumbe ule mtungi usingefika Mokowe hata tungefanya nini.

Binamu yangu ndiye aliyeushika. Miaka yote hii anasema alikosea kuufunga, ulivuja. Naenda kwake sasa hivi, nimsomee.