Kwa nini riwaya za enzi ya Malkia Victoria humwadhibu mwanamke aliyezaa nje ya ndoa?

Swali
Wadau, naandika insha. Ruth wa Elizabeth Gaskell (1853) anatubu miaka yote, bado anakufa kwa homa akimuuguza mwanamume yuleyule aliyemharibia maisha. Hetty, katika riwaya ya George Eliot iitwayo Adam Bede (1859), anaponea chupuchupu kunyongwa, anapelekwa uhamishoni. Waandishi waliamini hivyo, au kuna mkono uliowasukuma?

Jibu 1
Anza na biashara ya vitabu, ndugu. Riwaya mpya ilitoka kwa juzuu 3, bei shilingi 31 na peni 6, hivyo wengi waliazima. Maktaba ya Mudie mjini London ilitoza shilingi 21 kwa mwaka, juzuu moja kwa zamu. Mudie alinunua nakala kwa wingi, na kitabu alichoona hakifai kusomwa mbele ya mabinti wa nyumbani hakukiweka rafuni. Mchapishaji aliyelijua hilo alimbana mwandishi mapema, mswada ukiwa bado mezani. Mwandishi wa riwaya George Moore aliushambulia udhibiti huo waziwazi mwaka 1885. Juzuu 3 zilikoma baada ya maktaba kubwa kuzikataa mwaka 1894.

Jibu 2
Magazeti nayo yalibana. Tess ya Thomas Hardy ilipotoka kwa mfululizo katika The Graphic mwaka 1891, tukio la Tess kuharibiwa liligeuzwa ndoa ya uongo, na ubatizo wa mtoto wake ukaondolewa. Hata Angel, mpenzi wa Tess, anayewabeba wasichana mikononi kuvuka maji, alipewa toroli! Kitabu kilirudisha mengi. Kwa hiyo taja toleo unalonukuu. Usipofanya hivyo utamlaumu Hardy kwa mabadiliko yaliyofanywa ili gazeti likubali.

Jibu 3
Nakubali, ila msiisahau sheria. Sheria ya maskini ya 1834 ilimtwika mama mzigo wa mtoto wa nje ya ndoa, baba akabanduka kirahisi. Mwaka 1848, Anne Brontë alipoandika juu ya Helen anayemtoroka mume mlevi na kuishi kwa kuuza picha zake, kisheria hata pesa hizo zilikuwa za mume. Mke alianza kumiliki mapato yake mwaka 1870. Sheria ya talaka ya 1857 nayo ilimruhusu mume kumwacha mke kwa uzinzi wake tu, lakini mke alitakiwa kuthibitisha uzinzi na kosa jingine, kama ukatili.

Na Gaskell hakuwa upande wa wanaohukumu. Alimtetea Ruth, na watu wawili waliomfahamu wakachoma juzuu la kwanza. Kifo cha Ruth kisome kama bei aliyolipa Gaskell ili utetezi wake usomwe.

Muuliza swali
Asanteni sana. Nagawa insha sehemu mbili: maktaba na magazeti kwanza, kisha sheria.