MRI ya kuangalia damu inavyopita kwenye ubongo, ina faida gani kama CT scan imeshafanyika?

Mjukuu_wa_Mzee: Wadau naombeni msaada wa haraka. Babu kaamka leo mkono wa kulia hauinuki, maneno hayatoki vizuri, tukamkimbiza hospitali, CT ikaonyesha hakuna damu iliyovuja, sasa daktari anataka MRI pamoja na kipimo cha mzunguko wa damu kichwani. Baba wadogo wanasema gharama yote hiyo ya nini wakati picha tayari ipo?

Radiografa_Zamu: Pole sana, hizo ni dalili za kiharusi. CT imewaambia mshipa haujapasuka, ila masaa ya mwanzo sehemu iliyokosa damu mara nyingi haionekani vizuri humo. Kwenye MRI kuna picha ya difyusheni, inayoonyesha maji yanavyotembea kwenye ubongo, pale panapong'aa ndo seli zimevimba kwa kukosa damu na kwa kawaida haziokoleki tena. Halafu pafyusheni, ndo hicho kipimo cha mzunguko wa damu, anachomwa gadolini (dawa ya kuonekana kwenye picha) mshipani kwa kasi huku mashine inapiga picha mfululizo, dawa ikipita picha inafifia kisha inarudi, kompyuta inapima damu imechelewa kiasi gani, kizingiti kinachotumika sana ni sekunde 6. Eneo lililochelewa likiwa kubwa kuliko linalong'aa, ile tofauti ndo ubongo uliozimia ila bado uko hai, na huo ndo unapiganiwa.

Mjukuu_wa_Mzee: Asante mkuu. Figo zake hazifanyi kazi vizuri, hiyo gadolini si hatari?

Radiografa_Zamu: Waambieni mapema kabla hajaingia. Kuna njia ya ASL isiyotumia dawa kabisa, damu yenyewe inawekewa alama kwa sumaku ikiwa bado shingoni, inasubiriwa kama sekunde 2 hivi ifike kichwani ndo picha inapigwa.

Dokta_wa_Wodini: Naongezea, kwa aliyeamka na kiharusi MRI ina thamani zaidi maana hakuna anayejua kilianza saa ngapi. Utafiti wa WAKE-UP kule Ulaya, 2018, ulichukua watu kama babu yenu, difyusheni inang'aa lakini picha ya FLAIR (aina nyingine ya picha ya MRI, hubadilika kwa kuchelewa) bado haijabadilika, maana yake pengine hayajapita masaa 4 na nusu, na waliopewa dawa ya kuyeyusha bonge la damu wengi zaidi walirudi kwenye hali nzuri, japo hatari ya kuvuja damu iliongezeka kidogo. Jamani msikae kikao cha familia, ubongo unakufa kila dakika! Semeni kama ana betri ya moyo au chuma mwilini maana MRI ni sumaku kali, na mpigieni bibi simu sasa hivi aseme alimwona mzima mara ya mwisho saa ngapi.