Makundi ya maabara: wanafunzi 130, nafasi 32

Wakuu, Kemia mwaka wa kwanza wamesajiliwa 130, maabara ina nafasi 32. Nimegawa makundi kwa alfabeti, lakini kila wiki kuna wanaogongana na kipindi cha Fizikia. Nifanyeje?

— Alfabeti ndiyo tatizo. Gawa kwa mchanganyiko wa masomo: Kemia-Biolojia siku yao, Kemia-Fizikia yao. Na usibane makundi manne. 32 mara 4 ni 128, wawili wanakosa nafasi. Fanya matano ya 26, kila kundi libaki na nafasi sita za wanaorudia somo (wapo kila mwaka) na waliougua.

— Orodha ifunge baada ya muda wa kubadili masomo kwisha. Kabla ya hapo utapanga upya.

— Fundi sanifu wa maabara naye apewe ratiba mapema, vitendanishi (kemikali za majaribio) haviandaliwi asubuhi ya kipindi.