Majimaji nyuma ya kiwambo cha sikio: kimrija au puto?

Msafiri: Ndugu wanajamvi, sikio langu la kushoto limejaa majimaji nyuma ya kiwambo kwa muda mrefu na dawa hazijasaidia. Daktari wa masikio, pua na koo amenipa njia mbili: kutoboa kiwambo na kupachika kimrija, au kupitisha puto puani ili kuutanua mrija unaounganisha sikio na nyuma ya pua. Naomba kujua hatari zake kabla sijaamua.

Mama Zawadi (muuguzi): Kimrija kimetumika tangu miaka ya 1950, kwa hiyo madhara yake yanajulikana. Linalosumbua wengi ni kutokwa usaha, na hutibiwa kwa matone. Hapo uwe mwangalifu sana: kiwambo kikiwa wazi, matone yenye gentamaisini yanaweza kuharibu sikio la ndani, kwa hiyo usiazime chupa ya mtu. Vimrija vya muda mfupi hutoka vyenyewe, mara nyingi ndani ya mwaka mmoja hivi, na tundu hukataa kuziba kwa wagonjwa takriban 2 katika 100. Kwa vile vya muda mrefu hali hiyo hutokea mara nyingi zaidi, nami nisingevikubali bila sababu nzito.

Kitabibu: Puto halitoboi kiwambo, hujazwa kwa dakika 2 hivi, kisha hutolewa. Hata hivyo, Marekani iliruhusu kifaa cha kwanza cha aina hii mwaka 2016 tu, na mrija huo umepakana na ateri kubwa ipelekayo damu kwenye ubongo, hivyo muulize daktari wako ana uzoefu gani. Baadaye usipenge kamasi kwa nguvu, maana hewa inaweza kupenya chini ya ngozi na uso ukavimba. Wachache hubaki na mrija uliolegea, wakawa wanasikia pumzi zao zikivuma sikioni, kero ambayo kwangu ni mbaya kuliko kuziba kwenyewe.

Mama Zawadi (muuguzi): Msafiri, kama u mtu mzima na tatizo ni la sikio moja, je, nyuma ya pua pamechunguzwa kwa kamera? Uvimbe wa hapo, hata wa saratani, unaweza kuuziba mrija huo, na si kimrija wala puto litakaloutibu.

Msafiri: Bado, alitazama sikio tu. Nitaomba kamera kwanza. Pakiwa salama, nitachagua kimrija cha muda mfupi, kwa kuwa huwekwa kwa ganzi na kinaweza kuondolewa. Vipi kuhusu kuogelea?

Mama Zawadi (muuguzi): Kuogelea juujuu kwenye maji safi hakuwadhuru wengi. Kupiga mbizi uache mpaka kitoke na tundu lizibe.