Naombeni ushauri: bima kubwa ya bei nafuu kwa Land Rover 109 ya 1976 yenye marekebisho kidogo

Kiboriloni86
Wakuu salaam. Nina Land Rover 109 Series III ya 1976, ipo Moshi. Bodi imenyooka, rangi mpya, inawaka kwa mguso mmoja. Nataka kuikatia bima kubwa (comprehensive, inayofidia hata gari langu). Kila ninakopiga simu naambiwa gari lililozidi miaka 15 hawalichukui, nikate bima ndogo (ya mtu wa tatu tu) niende zangu. Wengine wanataja bei ya kunifukuza kwa adabu. Thamani yake naikadiria milioni 25. Marekebisho ni kidogo tu, vitu vya kawaida. Nani anajua njia ya kupata bima kubwa kwa bei ya kueleweka? Nina haraka, kuna jambo wiki ijayo.

Shemeji wa Toyota
Njia ipo: uza, nunua Land Cruiser. Bima ya Land Rover ni kuwa na fundi kwenye siti ya nyuma.

Dada Neema Bima
Tuanze na hesabu. Bima kubwa ya gari binafsi huanzia asilimia 3.5 ya thamani. Kwa milioni 25 ni 875,000, weka VAT ya asilimia 18 ambayo ni 157,500, jumla 1,032,500. Ukitajiwa chini ya hapo, uliza kwanza umekatiwa nini. Katikati kuna bima ya mtu wa tatu pamoja na moto na wizi, huanzia asilimia 2, kwa hiyo 500,000 na VAT yake unafika 590,000. Hiyo ndiyo inayosahaulika, na kwa gari la zamani linalolala ndani ya geti ndiyo yenye akili. Bima ndogo kabisa ni 118,000.

Hiyo miaka 15 ni utaratibu wa kampuni yenyewe, mara nyingi unalegezwa ukienda na ripoti ya mthamini na picha badala ya kupiga simu. Simu inapokelewa na mtu mwenye jedwali mbele yake. Ukisema 1976 ameshakata. Mtumie dalali wa bima aliyesajiliwa, apeleke faili kwa mkadiriaji mwenyewe, yule anayeamua kulikubali gari na bei yake.

Ila nijibu matatu kwanza, kaka. Marekebisho gani hasa? Kadi ya gari inasomaje? Na gari unalitumia kwa kazi gani?

Kiboriloni86
Asante dada. Matumizi ni binafsi. Marekebisho ni usukani wa pawa, siti, taa, tairi pana kidogo, keria, na injini.

Mzee wa Difu
"Na injini." Umeificha mwishoni kama mke wa pili kwenye msiba. Injini gani?

Kiboriloni86
1KZ ya Prado, ya dizeli. Lakini ni nzima kuliko ile ya zamani, kampuni ya bima si inapaswa kufurahi? Kadi bado inasoma 2286 cc petroli. Kuna wakala kaniambia tuandike kama kadi ilivyo, tusiwachanganye kampuni, atanipatia bima kubwa kwa 450,000 yote. Nimeshamtumia 300,000 kwenye simu. Sioni kosa, kadi ni ya serikali.

Dada Neema Bima
450,000 kwa gari la milioni 25 haifiki hata bima ya moto na wizi. Ama ataandika thamani ndogo, ama utapewa stika ya bima ndogo ukidhani ni kubwa. Akikupa stika, ingiza namba ya gari kwenye mfumo wa TIRA MIS (wa mamlaka ya usimamizi wa bima) usome aina ya bima na tarehe ya kuanza na kuisha. Usitazame stika, tazama mfumo. Na malipo yaende akaunti ya kampuni, siyo simu ya wakala.

Akiandika thamani ndogo, utapigwa na kanuni ya uwiano. Tuseme mthamini akikuta gari ni la milioni 40 wewe umeandika 25, na ajali imekuharibia milioni 8. Hulipwi 8. Inachukuliwa 25 kwa 40 ya milioni 8, yaani milioni 5, kisha inatolewa ekses yako, sehemu ya hasara unayobeba mwenyewe. Na ukizidisha thamani hupati faida, maana wanalipa bei ya sokoni siku ya hasara. Dawa ya gari la namna yako ni kuomba ipachikwe kwenye hati ya bima "thamani iliyokubaliwa", mnasaini wote kabla, ikitokea hasara kamili hakuna mjadala wa bei. Bila kuomba kwa maandishi hupewi.

Kuhusu injini: fomu ya maombi inauliza marekebisho, na wewe ndiye unayesaini, siyo wakala. Kukiwa na dai, mkaguzi wa kampuni anafungua boneti kabla ya kitu kingine chochote.

Mtumishi wa Himo
Vijana, uongo ni uongo hata ukiandikwa kwenye fomu ya bima. Mwenye haki hata akianguka huinuka. Tubadilike.

Shemeji wa Toyota
Mtumishi, ameanguka na 1KZ, haiinuki. Hedi imepasuka.

Fundi Unga Ltd
Hilo la hedi ni kweli. 1KZ haitaki kuchemka hata mara moja, silinda hedi inapata ufa kati ya valvu. Ukiiweka kwenye pua ya Series, rejeta ya zamani haitoshi, lazima iwe ya Prado yenyewe, au pana zaidi, na kava la feni lizibe pembeni vizuri, la sivyo hewa inapita kando ya rejeta.

Lakini kampuni ya bima haiogopi hedi, inaogopa moto. Kwenye kazi hizi moto unaanzia sehemu mbili. Ya kwanza ni waya mkuu wa betri kwenda stata: injini imehama, waya umeongezwa urefu, unapita karibu na bomba la moshi la tabo au unakwaruzwa na bodi. Bodi ya Land Rover ni aluminiamu, ukingo wake unakata kama wembe, kila tundu linalopitisha waya liwekwe mpira. Ya pili ni mpira wa dizeli inayorudi tanki, watu wanatumia mpira wa maji, unalainika na kuchirizika juu ya injini ya moto. Weka mpira wa mafuta na klempu mbili kila ncha, fyuzi kubwa karibu na betri, swichi ya kukata betri, na mtungi wa kuzimia moto wa unga wa kilo 2 mahali dereva anapofikia akiwa amekaa. Piga picha kila kimoja, weka kwenye faili la mthamini. Faili hilo linashusha bei kuliko kubembeleza.

Mzee wa Difu
Na hiyo injini isajili. Unaenda na gari kwa mkaguzi wa magari wa polisi, una risiti ya injini na nyaraka za forodha za aliyeiingiza. Anasoma namba kwenye bloku, anaandika ripoti, unaipeleka TRA wanabadili taarifa za kadi: namba ya injini, ujazo, aina ya mafuta. Wengi wanakwama kwenye risiti. Injini ya "nusu gari" bila karatasi inaonekana imeanguka kutoka mbinguni.

Kiboriloni86
Risiti ninayo, injini haina shida. Mnaikuza sana hii habari. Gari limetulia barabarani, Moshi hadi Arusha naenda 120 bila usukani kutetemeka, koili zinameza mashimo, breki za diski zinashika. Hata maharusi wanalisifia. Mimi nauliza kampuni tu, nanyi mnanipa semina.

Binti Ngarenaro
Subiri. Maharusi gani tena? Si ulisema matumizi binafsi?

Hesabu Haziongopi
Acheni maharusi. Huyu hana gari, hii ni chai. Tazameni.

Series III ina springi za bapa mbele na nyuma, zote, tangu 1971 hadi zilipoacha kutengenezwa 1985. Koili zilikuja na One Ten, toleo lililofuata, mwaka 1983. Breki za Series III ni drami magurudumu yote manne. Na hiyo 120: tairi ya 7.50-16 inatembea kama mita 2.5 kwa mzunguko. Kilomita 120 kwa saa ni mita 2,000 kwa dakika, kwa hiyo gurudumu linazunguka mara 800. Uwiano wa difu ya Series ni 4.7, wa transifa (giaboksi ndogo ya four-wheel) kwenye hai ni kama 1.15. Zidisha: injini inazunguka zaidi ya 4,300 kwa dakika. 1KZ nguvu yake inafika kilele kwenye 3,600. Ukiikimbiza hivyo hadi Arusha, USA River unafika unaburuzwa.

Tangu lile tamasha la Land Rover la Arusha la Oktoba 2024, kila mtu ana 109 kwenye simu.

Shemeji wa Toyota
Chai ya rangi, tangawizi nyingi. Mods fungeni uzi.

Binti Ngarenaro
Weka picha ya chini ya gari. Siyo ya bodi, chini.

Kiboriloni86
Sina sababu ya kudanganya watu nisiowajua. Gari lipo. Hesabu ya mkuu hapo juu ni sahihi kwa difu ya Series, lakini difu zangu siyo za Series. Bodi na kadi ni za 109. Chesisi ni ya One Ten, niliichukua na aksele zake na giaboksi ya gia tano, maana ile ya zamani ilikuwa imeoza kwenye viungo vya nyuma. Tofauti ya urefu kati ya aksele ni inchi moja, bodi ilikaa kwa kurekebisha kidogo. Difu ni 3.54. Mtoeni mtu kwenye chai.

Fundi alikata kile kipande chenye namba kwenye chesisi ya zamani, akakichomelea kwenye mpya ili gari lifanane na kadi. Nia ilikuwa kuweka mambo sawa. Wengi wanafanya hivyo. Na harusi ni za watu wa karibu, wanachangia mafuta.

Hesabu Haziongopi
3.54 na gia tano, sawa, 120 inawezekana. Nafuta chai. Afadhali ingekuwa chai.

Mzee wa Difu
Kumbe tulikuwa tunahangaika na injini. Mdogo wangu, kwenye Series III namba imegongwa kwenye pembe ya mbele ya chesisi upande wa kulia, pale springi ya bapa inaposhikwa. Chesisi ya koili haina hata hiyo pembe. Mkaguzi hatahitaji kipimo, ataona kipande cha chuma kimechomelewa mahali ambapo hakina kazi. Na polisi hawaiiti marekebisho. Namba ya kuhamishwa ndiyo alama ya gari la wizi, wataanza hapo kabla hujafungua mdomo.

Mbongo wa Leicester
Huku Uingereza kwa miaka mingi, hadi 2025, DVLA (wanaosajili magari) walitumia pointi. Chesisi asili 5, springi 2, aksele 2, giaboksi 2, usukani 2, injini 1. Ukifika 8 na chesisi ni ile ile, ulikuwa unabaki na usajili wako. Kwa hesabu hiyo lako, hata tukikupa usukani, lingepata 2. Kampuni za bima za magari ya kale huku zinatoa thamani iliyokubaliwa na punguzo kwa kilomita chache kwa mwaka, ila swali lao la mwanzo ni hilo la chesisi.

Binti Ngarenaro
Hapa siyo Leicester kaka. Hapa pointi anahesabu trafiki.

Dada Neema Bima
Kwa hali hiyo bei siyo tatizo tena. Bima inakatiwa gari lenye namba fulani ya chesisi. Gari la kwenye kadi halipo, lipo lingine limevaa bodi yake. Unaweza kulipa milioni nzima kila mwaka, na siku ya dai kampuni ikakurudishia barua tu. Hata bima ndogo inakuwa na mgogoro, na huyo uliyemgonga atakugeukia wewe na shamba lako.

Harusi nazo: bima binafsi ina kifungu cha matumizi. Ukipokea pesa, hata ziitwe mafuta, ni kukodisha. Hapo unahitaji bima ya biashara, ambayo huongezeka kwa idadi ya siti, na leseni ya LATRA (mamlaka ya usafiri wa ardhini). Ukiwabeba watalii, leseni za utalii juu yake.

Kiboriloni86
Ya wiki ijayo nimeshachukua advansi. Na hiyo chesisi nilinunua mnadani, siyo ya wizi.

Mzee wa Difu
Mnada ndio utakaokuokoa, kama ulikuwa halali. Tafuta hati ya mnada yenye namba ya One Ten. Namba yake halisi imegongwa kwenye reli ya chesisi upande wa kulia mbele, kwenye gurudumu. Kama fundi hakuisaga, ipo chini ya rangi. Hapo una njia mbili. Ya kwanza, gari lisajiliwe kwa utambulisho wa One Ten, bodi iwe ndiyo marekebisho, na kadi ya 1976 irudishwe TRA. Ya pili, upate chesisi ya 109 nzima, bodi irudi kwake. Uingereza bado wanatengeneza mpya za mabati yasiyoshika kutu, lakini nauli ya meli na ushuru vitakuliza, na koili zako unaziaga.

Nenda na wakili. Usipeleke gari kwanza, peleka karatasi.

Kiboriloni86
Nikifuata ya kwanza linaacha kuwa la 1976. Thamani si inashuka?

Hesabu Haziongopi
Thamani ya kadi inashuka. Ya gari ni ile ile, tena One Ten ni changa, kampuni zinaisikiliza kuliko 1976.

Kiboriloni86
Na ile 300,000 kwa wakala?

Dada Neema Bima
Kama hajakata chochote, mfumo utaonyesha gari halina bima mpya. Mwandikie ujumbe ukidai arudishe, mpe tarehe. Akizungusha, peleka malalamiko TIRA ukiwa na ujumbe wa muamala na namba yake ya usajili. Kama hana namba ya usajili, nenda polisi. Harusi wakodie gari lenye leseni, utakula hasara ya advansi tu.

Fundi Unga Ltd
Na kile kipande kilichochomelewa usikiguse. Usikisage, usikipake rangi, usikitoe usiku ukadhani umesafisha. Kikiwepo na hati ya mnada ipo, ni kazi mbovu ya fundi. Kikitolewa, hakuna atakayeamini kilikuwa cha nini. Ile namba ya kwenye reli ya One Ten itafutwe kwa msasa laini wa 400 na dizeli, taratibu, mkaguzi akiwa pale pale anaangalia.