Tupeane uzoefu: kusafisha plaki ya vitroseramiki bila kuikwaruza wala kuungua

Wenye kupikia plaki ya kioo hapa Goma, Bukavu na Lubumbashi, mnaisafisha na nini? Na nini kinaiharibu? Tafadhali andikeni vipimo na sababu, si "sugua polepole" tu.

Fundi wa Kampemba
Nianze na sukari, maana haisubiri. Jamu au maziwa yenye sukari yakimwagika, zima, vaa glavu nene ya jiko, ukwangue kioo kingali moto. Tumia wembe wenye mpini mrefu, uulaze takriban nyuzi 30. Sukari ikipoa inang'ang'ania kioo, na ikibanduka inaondoka na vipande vya kioo. Vishimo hivyo havizibiki. Plastiki iliyoyeyuka ni vilevile. Uchafu mwingine wote ungoje plaki ipoe: torsho yenye maji kwenye kioo cha moto inatoa mvuke unaounguza vidole.

Mama wa Himbi
Goma adui ni mchanga mweusi wa volkano. Unaingia dirishani, unakaa chini ya sufuria, ukiburuza tu umechora kioo. Futa kitako cha sufuria, futa plaki, kisha inua na kuweka. Bugali nayo usiisongee juu ya plaki, shusha sufuria kwanza.

Jiko la Ibanda
Mafuta ya sambaza yaliyokauka: bikarbonati vijiko 2 vya chakula, maji kijiko 1, upate uji mzito. Paka plaki ikiwa baridi, funika kwa torsho iliyolowa maji ya uvuguvugu dakika 15, futa. Kilichobaki ni kazi ya wembe.

Siki usiichanganye humo, zinauana na unabaki na povu. Iweke kwa madoa meupe ya chokaa ya maji: dakika 5, futa, suuza.

Ile mistari ya kijivu mara nyingi si mikwaruzo, ni aluminiamu ya sufuria. Pitisha ukucha: ukikwama ni mkwaruzo, ukiteleza ni metali, nayo inatoka kwa krimu ya plaki.

Mama wa Himbi
Na waya wa kusugulia sufuria, unga wa kusugulia na dawa ya oveni vikae mbali.

Fundi wa Kampemba
Jambo ambalo vitabu vya maelekezo havilitilii mkazo: delestaji. Umeme ukikatika, taa ya kuonya kwamba plaki bado ni moto inazimika nayo, na kioo kingali kinaunguza. Umeme ukirudi, plaki nyingine hazikumbuki kuiwasha tena. Zile za vitufe vya kuzungusha ni mbaya zaidi, kwani zinaanza kupasha zenyewe. Umeme ukienda, rudisha vitufe vyote kwenye sifuri na uondoe watoto hapo. Na plaki isigeuzwe meza ya mifuko na vifuniko vya plastiki.

Mgeni wa Katuba
Na ikipata ufa mdogo, gundi inafaa?

Fundi wa Kampemba
Hapana, ndugu. Zima kwenye disjonkteri (swichi ya kukata umeme wa nyumba), si kwenye kitufe peke yake. Supu ikipenya ufa inafika kwenye waya zenye 220 V, na ufa mdogo hukua kila kioo kinapopata moto. Usipikie hata upande uliobaki mzima. Kioo kinabadilishwa chote, na fundi apime kwanza kwamba hakuna umeme unaofika hapo.