Mnada wa mtandaoni na maelezo yasiyo ya kweli: wajibu wa kuthibitisha uwe wa nani?

Mtoa hoja, Mtwara Mikindani

Naomba kuweka mezani jambo ambalo wengi wetu huku kusini tunaumia nalo kimyakimya. Mtu anaposhinda mnada wa mtandaoni, akalipa, kisha mzigo ukafika ukiwa tofauti na ulivyoelezwa, ni nani anayepaswa kuthibitisha ukweli? Msimamo wangu ni kwamba wajibu huo uwe wa aliyeandika maelezo, na kwamba fedha isimfikie muuzaji kabla mnunuzi hajaupokea mzigo na kuukagua.

Nieleze lililonipata. Mimi na ndugu yangu tulikuwa tunatafuta mashine ya boti ya nguvu za farasi 15, iliyotumika lakini nzima, kwa kuwa mpya ilituzidi uwezo. Tuliona mnada ukiendeshwa mtandaoni kutoka Dar es Salaam: picha nne, bei ya kuanzia shilingi 900,000, na maelezo kwamba mashine inafanya kazi vizuri na haijawahi kufunguliwa. Tulipandisha dau hadi usiku, tukashinda kwa shilingi 1,850,000, tukalipa kwa simu, na siku ya tatu ikashushwa kwenye basi. Fundi alipoondoa kifuniko alikuta boliti zenye alama za spana na bloku, yaani mwili wa injini, iliyochomelewa ubavuni, upande ambao hakuna picha hata moja iliyouonyesha. Muuzaji alijibu kwa sentensi moja tu, kwamba bidhaa za mnada hazirudishwi. Waendeshaji wa mnada nao walisema kazi yao ni kuwakutanisha watu.

Neno mnada limegeuzwa kuwa kinga. Katika mnada wa samaki ufukweni, anayepandisha dau amesimama mbele ya samaki. Anamgeuza, anamfunua mashavu, anamnusa, na akikosea amejikosea mwenyewe. Mtandaoni mnunuzi hana macho mengine isipokuwa maneno na picha za muuzaji, kwa hiyo anayeyapotosha maneno hayo amemfumba mwenzake macho kabla ya kumwambia achague.

Sheria zetu zimelitazama jambo hili. Sheria ya Mauzo ya Bidhaa, Sura ya 214, inasema bidhaa ikiuzwa kwa maelezo ni sharti ilingane na maelezo hayo, hata kama pande mbili hazikuliandika sharti hilo. Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inakataza mwenendo wa kibiashara unaopotosha au unaoelekea kupotosha. Hata hivyo, kwa mtu anayedai shilingi milioni moja na ushei, huku anayedaiwa akiwa zaidi ya kilomita 500 kutoka alipo, njia ya kuifikia haki hiyo ni ndefu kiasi kwamba wengi wanaiacha. Ndiyo maana nasema utatuzi lazima uanzie kwa mwendesha mnada mwenyewe, anayechukua kamisheni.

Wenzetu waliotutangulia walilazimika kufika huko. eBay, jukwaa la mnada wa mtandaoni la Marekani, ilipoanza mwaka 1995, kitu cha kwanza kuuzwa kilikuwa kitochi cha leza kibovu, kilichoelezwa kuwa kibovu, na kikapata mnunuzi kwa dola 14.83. (Kitu kibovu kinauzika kikielezwa kwa ukweli, jambo ambalo wauzaji wetu wengi hawaliamini.) Leo mnunuzi wa huko akipokea kitu kisicholingana na maelezo ana siku 30 za kufungua dai, muuzaji anapewa siku 3 za kazi za kulitatua, na wakishindwana jukwaa lenyewe linaamua.

Mchangiaji, Lindi Mjini

Ndugu yangu, pole kwa hasara hiyo. Mimi nauza vyombo vilivyotumika, hasa majokofu na jenereta, kwa hiyo nazungumza kutoka upande unaolaumiwa.

Mashine ya farasi 15 iliyo nzima kabisa haipatikani kwa bei uliyoitaja, nawe ulilijua hilo. Unafuu ule ulikuwa bei ya hatari uliyokubali kuibeba. Isitoshe, umezitaja sheria ukaacha ile isiyokupendelea. Sheria ya Mikataba, Sura ya 345, inampa aliyepotoshwa haki ya kuutengua mkataba, lakini inasema pia kwamba kama alikuwa na njia ya kuugundua ukweli kwa uangalifu wa kawaida, haki hiyo hana. Ungeomba picha ya upande wa pili. Ungemtuma jamaa yako akaitazame. Nani kati yetu watu wa kusini hana ndugu Mbagala, kule Dar es Salaam?

Kuna wanunuzi pia. Niliwahi kuuza jenereta ikarudishwa baada ya siku nne ikiwa na kabureta ambayo si ile niliyoifunga kwa mikono yangu. Mkiamua kwamba neno la mnunuzi linatosha kurudisha fedha, udanganyifu utakuwa umehama kutoka mkono mmoja kwenda mwingine. Na fedha ikizuiwa wiki mbili, mtaji wangu ni mdogo, nitanunua mzigo mwingine kwa kutumia nini?

Mchangiaji, Tandahimba

Mimi ni katibu wa chama cha msingi cha ushirika, na nashangaa kwamba hakuna aliyetaja korosho, wakati mkoa mzima unaishi kwa mnada. Tangu msimu wa 2024/2025 korosho zetu zinauzwa kwa mfumo wa kielektroniki wa Soko la Bidhaa Tanzania, na mnunuzi anaweka bei bila kusimama mbele ya magunia. Anathubutu kwa sababu neno la mwisho kuhusu daraja la korosho zile halikuandikwa na mkulima. Mkulima anazianika na kuzichambua, sisi chamani tunazikagua na kutenganisha madaraja, zikifika ghala kuu zinatazamwa tena ubora na unyevu, ndipo mwendesha ghala anatoa stakabadhi, na kilichomo ghalani kikitofautiana na kilichoandikwa, yeye ndiye wa kwanza kuulizwa. Mfumo wa stakabadhi ghalani ulianza kwenye korosho msimu wa 2007/2008 na ulipingwa sana huku kwetu. Malalamiko ya wakulima kucheleweshewa malipo nayajua kuliko mtu yeyote hapa, maana yanaletwa mezani kwangu. Hata hivyo, mabishano kuhusu ubora yana pa kuanzia, kwa kuwa kuna karatasi na kuna sahihi ya mtu asiyekuwa muuzaji.

Kwa hiyo napingana na ninyi wote wawili. Mtoa hoja anataka kumbana mwandishi wa maelezo. Mimi nasema muuzaji asiyaandike peke yake. Kwa kitu cha zaidi ya shilingi 500,000, mwendesha mnada amweke fundi wa kukikagua, aandike alichokiona, atie sahihi, na sahihi hiyo imfunge.

Mchangiaji, Masasi

Naongeza jambo moja la vitendo. Tangazo la mnada huweza kufutwa mara mnada unapofungwa, kwa hiyo mnunuzi alipige picha lote kabla ya kulipa, na mzigo aufungue palepale stendi huku mtu mwingine akirekodi kwa simu, kuanzia utepe ukiwa haujakatwa. Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya mwaka 2015 inaruhusu ushahidi wa namna hiyo kupokelewa mahakamani, lakini lazima uwe umeutunza.

Mtoa hoja

Nianze na ndugu yangu wa Lindi. Umesema ningegundua ukweli kwa uangalifu wa kawaida. Muuzaji aliandika kwamba mashine haijawahi kufunguliwa. Ili jamaa yangu wa Mbagala aione ile bloku ilibidi aondoe kifuniko na kushika spana, na hakuna muuzaji anayemruhusu mpita njia kufungua mashine ambayo sifa yake kuu ni kutofunguliwa. Huo si uangalifu wa kawaida.

Kuhusu bei, hebu tuifuate hoja yako mpaka mwisho. Kama tangazo lingesema bloku imechomelewa, mimi ningeishia shilingi 700,000, kwa ajili ya vipuri. Zile 1,150,000 zilizozidi zililetwa na maneno. Basi tukikubaliana kwamba kurudisha mashine nzima kunamwonea muuzaji, arudishe tofauti hiyo, nami nibaki na chuma changu.

Habari ya kabureta imenigusa, na hapo narekebisha msimamo wangu. Muuzaji athibitishe alichokituma, kwa picha za namba zilizogongwa kwenye chuma na za pande zote siku ya kusafirisha. Mnunuzi athibitishe alichokifungua, kama alivyoeleza mwenzetu wa Masasi. Asiyekuwa na picha zake ashindwe. Na fedha isizuiwe wiki mbili. Siku tatu tangu mzigo kushushwa zinamtosha fundi.

Kaka katibu, hoja yako naiona nzito kuliko zote, isipokuwa hukusema nani anamlipa huyo fundi. Akilipwa na muuzaji atakuwa mtu wa muuzaji. Alipwe kutoka kwenye kamisheni ya mnada, hata kama kamisheni itapanda kidogo.

Mchangiaji, Lindi Mjini

Siku tatu nazikubali, na picha za namba nilishaanza kuzipiga baada ya yale ya jenereta. Kurudisha tofauti ya bei nako naona ni haki, mradi tofauti hiyo aikadirie fundi ambaye hakuchaguliwa na mmoja wetu. Nililobaki nalo ni nauli. Jenereta kubwa kutoka Mtwara hadi Dar es Salaam na kurudi inaweza kula faida yangu yote. Dai likiwa la kweli nitailipa mimi; likiwa la uongo ailipe mnunuzi, na aiweke kwa mwendesha mnada kabla ukaguzi haujaanza. Hapo sitalegea.